Maswali Yenu: Kiti cha Ndege Kilipimwa kwa Mwili wa Nani?

Tangu likizo ya Agosti iishe, barua nyingi zinazonifikia ni za viti vya ndege. Nimechagua nne. Kazi niliyoifanya hapa Nairobi kwa miaka mingi ni kufundisha wahudumu wa ndege namna ya kuwatoa watu salama siku mambo yanapoharibika, kwa hiyo barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa makamo na mwili nimejaliwa. Nilikwenda Minneapolis kumwona binti yangu aliyejifungua. Kwenye safari ndefu nilipewa kiti cha kati. Mikono ya kiti ilinibana nyonga ikaniacha na alama, meza ya chakula ilikataa kulala sawa, na kijana wa pembeni akamwita mhudumu ahamishwe huku mimi nasikia. Binti yangu anasema Marekani wametunga sheria ya ukubwa wa viti. Ni kweli? Na hapa kwetu je? — Mama wa Umoja

Mama, pole sana. Ulilipa nauli kama yule kijana, na aibu uliyoibeba haikuwa yako.

Binti yako amekwambia kweli, ila bado haijakamilika. Sheria ipo, kipimo hakipo. Oktoba 2018 Bunge la Marekani liliiagiza FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, iweke vipimo vya chini vya kiti cha abiria: upana wake, urefu wake, na nafasi kati ya kiti na kiti. Ikapewa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, mingine ikafuata, na hadi ninapoandika haya hakuna namba iliyoingia kwenye kanuni.

Walioanza kelele ni abiria wenyewe. Chama chao kinachoitwa FlyersRights kilipeleka ombi FAA mwaka 2015, likakataliwa, wakaenda mahakamani. Julai 2017 Mahakama ya Rufaa ya Washington, hukumu ikiandikwa na Jaji Patricia Millett, iliirudishia FAA lile ombi ikisema ushahidi iliotegemea kulikataa hautoshi. Ndani ya hukumu ile mna namba ambazo nimezisomea wanafunzi wangu mara nyingi. Nafasi kati ya kiti na kiti ilikuwa wastani wa inchi 35, ikashuka hadi 31, na kwenye ndege nyingine 28. Upana ulikuwa kama inchi 18 na nusu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukashuka hadi 17. Kwa sentimita, goti lako lilitengewa 89 zikawa 79, kwingine 71. Nyonga ilitengewa 47 ikabaki na 43. Katika miaka hiyohiyo miili ya binadamu ilikuwa ikiongezeka.

Ile nafasi kati ya kiti na kiti haipimwi kutoka gotini. Hupimwa kutoka sehemu fulani ya kiti chako hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo wa kiti umo ndani yake. Ndiyo maana mashirika yalileta viti vyembamba: wakipunguza sifongo wanaongeza safu, na bado wanaweza kusema goti halijapoteza kitu. Makalio ndiyo yanayoipata habari hiyo saa ya sita ya safari.

Sasa niseme kwa nini mimi, mtu wa usalama, nalishughulikia jambo ambalo wengi huliita la starehe. Ndege mpya yenye viti zaidi ya 44 lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Airbus A380 ilipojaribiwa Hamburg mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Nawavulia kofia. Lakini wale walikuwa watu wa kujitolea, waliojua kwamba siku hiyo hakuna moto.

Siku yenye moto ilikuwa tarehe 22 Agosti 1985, Manchester, Uingereza. Injini ya Boeing 737 iliyokuwa ikienda Corfu ilipasuka wakati wa kuruka. Rubani aliisimamisha ndege chini, kwenye lami. Watu 55 walikufa hata hivyo, wengi kwa moshi, ndani ya ndege iliyokuwa imesimama. Baada ya hapo mwanasaikolojia Helen Muir wa Chuo cha Cranfield alifanya majaribio ambayo hadi leo nayaona kuwa ya kweli kuliko mengi: aliwaahidi nusu ya kwanza ya watakaotoka pauni 5 za ziada. Pauni 5 tu, na watu wazima wakaruka juu ya viti, wakasukumana, wakakwama mlangoni. Uingereza ikaagiza nafasi iongezwe kwenye safu za karibu na mlango wa juu ya bawa, na mwaka 1989 ikaweka kipimo kwa ndege zilizosajiliwa kwake: kutoka mgongo wa kiti chako hadi nyuma ya kiti cha mbele kusipungue inchi 26, yaani sentimita 66. Ni kidogo, lakini ilikuwa namba iliyoandikwa. Ulaya ilipounda mamlaka yake ya pamoja, namba ile haikuingia katika kanuni za pamoja.

FAA nayo ilijaribu. Mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, huko Oklahoma City, iliwatumia watu 720 kuangalia kama viti vidogo vinachelewesha watu kutoka. Jibu likawa kwamba havicheleweshi. Hapa ndipo ninaposimama kidete, mama. Wale 720 walikuwa watu wazima wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 60. Hapakuwa na mzee wa fimbo wala mtoto. Hapakuwa na aliyefanyiwa upasuaji wa goti. FAA wenyewe waliliambia Bunge kwamba matokeo yana manufaa lakini si lazima yawe ya mwisho. Mwaka 2022 wakaomba maoni ya wananchi wakapata zaidi ya 26,000. Machi 2023 mahakama ilikataa kuwalazimisha watoe kipimo. Mei 2024 sheria nyingine ikaagiza viwango vya kuwatoa watu ndegeni vitazamwe upya, safari hii wazee, watoto, watu wenye ulemavu na mizigo ya mkononi vikiwemo.

Angalia foleni ya abiria pale uwanja wa ndege wa JKIA jioni yoyote. Bibi anakwenda kulea mjukuu ng'ambo, mama ana mtoto mapajani, mahujaji wamezeeka, kuna kijana aliyevunjika mguu na anapelekwa India kutibiwa. Hao ndio abiria wetu, na hakuna hata mmoja wao aliyewekwa kwenye lile jaribio. Hapa kwetu KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, huikubali ndege kwa cheti kilichotolewa na nchi iliyoibuni: Marekani kwa Boeing, Ulaya kwa Airbus na ATR, Brazil kwa Embraer. Walichoacha wao wazi kimebaki wazi kwetu pia.

Kwa safari yako ijayo, chukua tepu ya fundi wa nguo. Kaa kwenye kiti kigumu mgongo ukiwa ukutani, mtu akupime kutoka ukutani hadi ncha ya goti, kisha upana wa nyonga ukiwa umekaa, maana ukiwa umesimama huwa pungufu. Kisha tazama aina ya ndege kabla hujalipa. Boeing 737 ina viti vitatu kila upande, na upana wa mwili wake umerithiwa kutoka kwa 707 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1958. Airbus A320 ina viti vitatu vilevile lakini upana wake wa ndani umezidi kwa kama sentimita 15. Embraer 190 ina viwili kila upande, kwa hiyo kiti cha kati hakipo kabisa. Boeing 787 Dreamliner ilifikiriwa kwa viti vinane kwa safu, mashirika mengi yameweka tisa.

Mkanda ukikataa kufunga, mwombe mhudumu mkanda wa nyongeza mara unapoingia mlangoni, kabla watu hawajajaa. Hautozwi pesa. Usione haya hata kidogo: nilipokuwa nikifundisha, mhudumu aliyetoa mkanda ule kwa uso wa kukereka alirudia somo lote. Na uwaulize kaunta mapema kama kuna safu yenye kiti kitupu. Nchini Canada mamlaka ya usafiri iliamua mwaka 2008 kwamba mashirika makubwa yasimtoze nauli ya pili, kwenye safari za ndani ya nchi, mtu ambaye ulemavu wake, pamoja na ulemavu unaotokana na unene, unamlazimu kupata kiti cha ziada. Nchi ikitaka, inaweza.

Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71 na ni mfupi. Mwezi ujao anakwenda Uingereza kwa mahafali ya mjukuu. Akisafiri kwa basi tu kwenda Kakamega miguu inavimba. Watu wananitisha eti viti vidogo vya ndege vinagandisha damu. — Kijana wa Ngara

Marahaba mwanangu. Wanaokutisha wana la kusema, ila wamelikuza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa 4 huongeza takribani mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani. Hata ikiongezeka hivyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Kinachosababisha ni kukaa bila kusogea, na ndiyo maana basi la Kakamega linamvimbisha pia. Kiti cha kubana kinaongeza tatizo kwa sababu mtu aliyezibwa dirishani na majirani wawili waliolala hanyanyuki. Anaona vibaya kuwaamsha. Wazee wetu hasa wana heshima hiyo, na inawaumiza.

Utafiti ule uliona pia kwamba walio kwenye hatari zaidi ni pamoja na wanene, warefu wa zaidi ya mita 1.90, na wafupi wa chini ya mita 1.60. Mfupi miguu yake haifiki sakafuni vizuri, ukingo wa kiti unambana nyuma ya goti saa zote. Ukipima akina mama wa umri wa mama yako hapa Nairobi, utawapata wengi chini ya 1.60. Kiti hakikufikiriwa kwa ajili yao, na sijaona mjadala wa ukubwa wa viti unaowataja. Tunazungumzia magoti marefu tu.

Mpeleke kwa daktari kabla ya safari, leo au kesho. Daktari aulize kama amewahi kuganda damu, kama alifanyiwa upasuaji karibuni, kama ana saratani, na kama anafaa soksi za kubana, ambazo hununuliwa kwa kipimo cha mguu wake. Asimeze aspirini kwa ushauri wa jirani. Mtafutie kiti cha upande wa njia. Baada ya ndege kutulia angani, weka kijifuko laini chini ya miguu yake ili mapaja yapumzike, na kiondolewe wakati wa kutua. Azungushe vifundo vya miguu, anyanyuke kila anapoweza, anywe maji. Miguu yote miwili kuvimba kidogo kisha kupungua ni kawaida. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika, hata wiki kadhaa baada ya kufika, hiyo ni hospitali papo hapo.

Usitegemee fidia. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwakatalia abiria waliogandwa damu, ikisema safari iliyokwenda kawaida bila tukio lolote haiwezi kuhesabiwa kuwa ajali chini ya mkataba wa kimataifa. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa sababu nyingine ya kuweka kipimo mapema, maana ukishaumia hakuna wa kumdai.

Mwalimu, nina futi sita na inchi tatu. Wa mbele yangu akilaza kiti, magoti yangu yanapiga kelele. Nina haki ya kumzuia? — Mrefu wa Kayole

Ndugu yangu, huna. Kiti kikiwa na kitufe cha kulaza, yeye ana ruhusa, isipokuwa wakati wa kuruka, kutua na chakula, ambapo mhudumu atamwambia akinyanyue. Usimsukume na magoti, na usiweke kitu cha kuzuia kiti kisilale, nimeona watu wakifika karibu kupigana kwa hilo. Mwombe kwa upole kabla hajakilaza; wengi hukubali wakiona urefu wako. Omba safu ya mlango wa dharura ikiwa uko tayari kweli kuufungua mlango na kusaidia wengine. Angalia tu kwamba safu iliyo mbele ya mlango huo mara nyingi viti vyake havilali kabisa, kusudi njia ya kutokea isizibwe. Anayepaswa kulaumiwa kwa magoti yako ni aliyezipanga safu, na hakupanda ndege hiyo.

Mwalimu, mimi ni mtu wa matatu, laini ya Githurai. Sisi tukibeba mtu wa 15 kwenye gari la 14 tunalala ndani. Ndege zinabana watu na hakuna askari anayezisimamisha. Kwa nini sheria ni ya maskini tu? — Dereva wa Githurai

Dereva, swali lako ni zito na nitakujibu bila kukupamba.

Wewe unakumbuka kabla ya Februari 2004, au umesimuliwa. Kibao kilikaa katikati ya viti, watu wakakaa juu yake, wengine wakaning'inia mlangoni. Waziri wa Uchukuzi John Michuki akaleta kanuni: abiria 14, mkanda kwa kila mtu, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wenye magari waligoma, wakasema biashara itakufa na nauli itapanda. Nauli ilipanda kweli. Biashara haikufa, nawe mwenyewe ndiwe ushahidi. Zaidi ya hapo, tunayo KS 372, kiwango cha kitaifa cha kuunda bodi za magari ya abiria. Nchi hii imekwisha kukubali kwamba namna abiria anavyokalishwa ni kazi ya serikali.

Kwenye ndege hesabu ya watu inabanwa vikali kuliko kwako. Kila aina ya mlango ina idadi yake: mlango mkubwa kabisa huhesabiwa watu 110, kitundu kidogo cha juu ya bawa 35. Kwa kila viti 50 lazima awepo mhudumu mmoja. Boeing 737-800 haiwezi kuruhusiwa zaidi ya abiria 189, hata wakikubali kukaa sakafuni. Kwa hiyo mtu wa 190 hayupo, na hapo hamfanani.

Kilichoachwa ni nafasi ya kila mmoja wa wale 189. Shirika linaweza kuweka viti 150 katika ndege hiyo au kusogea hadi 189, na sheria haiwaulizi magoti yamekwenda wapi. Wenye mashirika wana hoja: viti vingi, nauli nafuu, na mtu wa Githurai naye anaruka. Naiheshimu hoja hiyo, nimeona watu waliopanda ndege mara ya kwanza kwa sababu ya nauli nafuu na furaha yao ilinifurahisha. Lakini nauli nafuu ndiyo iliyokuwa hoja ya kile kibao pia, na tulikitoa.

Mnaweza kufanya nini? Kanuni za anga hutungwa chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013, na sheria zetu zinataka wananchi washirikishwe kabla kanuni hazijaanza kutumika. KCAA inapotangaza rasimu, maoni yenu yanapokelewa, na mtu wa matatu ana haki ya kuandika sawasawa na mwenye shirika. Ofisi ya kanda ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, iko hapahapa Gigiri, kwa hiyo Nairobi si mbali na meza ya maamuzi.

Mimi barua yangu nimekwisha kuiandika. Nimeomba nafasi kati ya viti isipungue inchi 31 na upana usipungue 18, kwa ndege zote zilizosajiliwa Kenya. Nimeomba vipimo hivyo vionyeshwe kwa mnunuzi kabla hajalipa, pale panapoonyeshwa uzito wa mizigo. Na nimeomba Kenya isikubali tena jaribio la kuwatoa watu ambalo halina wazee wala watoto ndani yake. Ukiandika yako, taja aina ya ndege, namba ya kiti, tarehe, na sentimita ulizopima mwenyewe. Barua yenye namba huwa vigumu kuiweka kando.